Uchafu wa Meli Ukiondolewa Hewani Huenda Wapi?

Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa kati ya nchi na nchi, ukipima kwa ujazo, hupita baharini. Kwa kila tani inayosafirishwa kila maili, lori na ndege hazifui dafu mbele ya meli kubwa kwa uchache wa mafuta yanayochomwa. Tatizo ni wingi. Utafiti wa nne wa gesi joto wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, uliotoka mwaka 2020, ulikadiria kuwa meli zilitoa tani milioni 1,076 za gesi hizo mwaka 2018, sawa na asilimia 2.89 ya zote zilizotokana na shughuli za binadamu. Na hapo hatujagusa salfa, masizi, mafuta yanayomwagika, viumbe wageni wanaosafiri ndani ya matangi, wala kelele chini ya maji.

Anayeanza kuifuatilia mada hii hupotea haraka, kwa sababu kila dawa inayotangazwa huonekana nzuri ukiitazama peke yake. Mtambo wa kuosha moshi unaondoa salfa hewani. Gesi asilia inapunguza hewa ukaa. Umeme wa gatini unazima jenereta. Swali la kuuliza kila mara ni hili: uchafu umepungua, au umehamia mahali pengine? Zipo hatua zinazoupunguza kweli, kwa sababu meli inachoma mafuta machache. Zipo zinazouhamisha tu. Hizi za pili si lazima zikataliwe, lakini hesabu yake ifuatwe hadi mwisho.

Mwendo, na tabia ya kukimbilia foleni

Nguvu inayohitajika kuisukuma meli hupanda takribani kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Punguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu inashuka kwa karibu asilimia 27. Kwa kuwa safari inarefuka kidogo, mafuta ya safari nzima yanashuka kwa karibu asilimia 19. Sijui hatua nyingine inayotoa punguzo la namna hiyo kuanzia kesho asubuhi bila kununua kifaa chochote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Meli ina safari ya maili 4,800 za baharini. Ikienda noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa, injini yake kuu inakula tani 30 za mafuta kwa siku. Itafika baada ya siku 14 na saa 7 hivi, ikiwa imechoma tani 429. Ikienda noti 12, ulaji unashuka hadi tani 19 hivi kwa siku. Itafika baada ya siku 16 na saa 16, ikiwa imechoma tani 315. Zimeokolewa tani 114 za mafuta. Kila tani ya mafuta mazito ikiungua hutoa tani 3.114 za hewa ukaa, kwa hiyo tani 355 hivi za hewa hiyo hazikwenda angani. Gharama yake ni siku mbili na saa 9. Na ikiwa kule inakokwenda gati lilikuwa na foleni ya siku tatu, basi hata hiyo si gharama: meli ingezimaliza siku hizo imetia nanga nje ya bandari, jenereta zikinguruma.

Hivyo ndivyo inavyotokea kila siku. Meli inakimbia, inafika, inasubiri. Wa kulaumiwa si nahodha, maana mkataba ndio unaomkimbiza. Meli ikikodiwa kwa safari moja, mwenye meli ndiye anayelipia mafuta, na amefungwa na sharti la kwenda kwa haraka yote inayowezekana. Akifika anatoa taarifa rasmi kwamba meli iko tayari, na kuanzia hapo saa za kupakia au kupakua zinahesabiwa. Muda ukizidi, mkodi anamlipa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku. Bandari nyingi nazo humhudumia kwanza aliyetangulia kufika. Nahodha akipunguza mwendo kwa hiari yake, anapoteza nafasi kwenye foleni, na mwajiri wake anapoteza fidia.

Dawa yake iko kwenye karatasi. Pande mbili zinakubaliana kwamba mkodi anaweza kuagiza meli ifike saa fulani. Siku ambayo meli ingefika kwa mwendo wake wa kawaida inakokotolewa, inaandikwa, na kuhesabiwa kana kwamba meli imefika kweli siku hiyo. Fidia haipotei, na thamani ya mafuta yaliyookolewa inagawanywa. BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli, kina vifungu vilivyokwisha kuandikwa kwa ajili hiyo. Ugumu uko kwenye taarifa za bandari. Saa ya gati kuwa wazi haitoshi. Meli inahitaji saa ya kumchukua rubani, yaani mwongozaji wa meli bandarini, ikiwa imethibitishwa kwamba rubani, tagi (meli ndogo za kuvuta) na wafunga kamba watakuwepo. Bandari ikitaja saa kisha ikaibadilisha mara nne, nahodha hataiamini safari ijayo. Tena mnunuzi wa shehena mara nyingi hayumo kwenye mkataba wa kukodi, na mkataba wake wa mauzo unaweza kudai shehena ifike tarehe ambayo meli tayari imeruhusiwa kuipita. Mikataba hiyo miwili isomwe pamoja kabla ya kutia saini.

Kwenda polepole nako kuna masharti yake ya kiufundi. Injini iliyoundwa kwa mzigo mkubwa, ikiendeshwa kwa muda mrefu chini ya theluthi moja hivi ya nguvu yake, haipati hewa ya kutosha kutoka kwenye taboni zake, yaani mashine zinazosukumwa na moshi ili kuingiza hewa, na vipulizio vya msaada vinalazimika kuwaka. Masizi hujikusanya kwenye kikoa joto, kifaa kilichoko njia ya moshi kinachotumia joto lake kutengeneza mvuke, na masizi hayo yakishika moto yanaweza kuyeyusha mabomba. Kwa hiyo mafundi hupandisha mzigo kwa muda mfupi kila siku ili kuyapuliza, hukagua njia za hewa za silinda mara kwa mara, na hupunguza mafuta ya kulainisha silinda kulingana na mzigo. Moshi uliopoa pia hautengenezi mvuke wa kutosha, hivyo boila huwashwa na kula sehemu ya akiba iliyopatikana. Sehemu tu, lakini iingizwe kwenye hesabu.

Tumbo la meli

Meli iliyokaa kwenye maji ya joto wiki kadhaa hutoka na utelezi chini ya mstari wa maji. Kisha huota mwani, kisha wale viumbe wenye magamba magumu wanaonata kama saruji. Hata utelezi peke yake huongeza ukinzani wa maji, na magamba yakishaota nahodha hulazimika kuongeza mafuta ili ashike mwendo uleule. Rafadha (propela) chafu ni hivyohivyo. Kuipiga msasa ni kazi ndogo ya wazamiaji meli ikiwa nangani, na kwa maoni yangu ndiyo matengenezo yanayorudisha fedha upesi kuliko mengine yote ya chini ya maji.

Kujua ni lini tumbo limechafuka si kubahatisha. Chukua ripoti ya kila mchana: mwendo, mzunguko wa mhimili, ulaji wa mafuta, kina cha kuzama kwa meli, upepo. Tupa siku zote za upepo mkali na siku meli ilipobadilisha mwendo. Tumia mwendo kupitia maji, usitumie ule wa setilaiti, maana mkondo wa bahari utakudanganya. Linganisha siku zinazofanana kwa kina cha kuzama na ulaji. Mwendo ukiendelea kushuka kwa ulaji uleule, tumbo au rafadha ina kitu.

Hapa ndipo swali la kuhama linaporudi. Kwa miongo kadhaa meli zilipakwa rangi yenye tributilitini, sumu ya bati iliyozuia kila kiumbe kunata. Ilifanya kazi vizuri mno. Sumu ilipoyeyuka bandarini, konokono wa kike waliota viungo vya kiume, na kwenye ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa chaza walikua na magamba yaliyoharibika. Mkataba wa IMO wa mwaka 2001, ulioanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008, uliipiga marufuku. Rangi nyingi za leo hutumia shaba, ambayo nayo ni sumu kwa viumbe wa maji, ingawa si kali kama ile. Rangi za silikoni hazitegemei sumu. Zinateleza tu, kiumbe akadondoka meli inapokwenda. Udhaifu wake ni kwamba meli inayokaa sana nangani haipati mwendo wa kuwadondosha, na brashi ngumu ikipita juu yake inaikwangua.

Kusugua meli ndani ya maji bila kukusanya kinachotoka ni kuhamisha kwa namna mbili. Chembe za rangi zinazama kwenye tope la bandari, na viumbe wa bahari nyingine wanaachiwa hai kwenye bahari mpya. Mashine nzuri zina mdomo wa kufyonza na chujio. Mkandarasi aulizwe taka zinakwenda wapi na chujio lina matundu ya ukubwa gani, na meli isuguliwe kungali utelezi, kabla magamba hayajaota. Mahali panaposahaulika ni vyumba vya kuingizia maji ya bahari, mifereji ya rafadha za pembeni, na sehemu zilizokuwa juu ya magogo meli ilipokuwa chelezoni, yaani nje ya maji kwa matengenezo, ambako rangi haikufika.

Salfa: kutoka dohani hadi majini

Kiambatisho cha sita cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, ndicho kinachotawala moshi. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.50 ya salfa, kutoka 3.50 ya awali. Kwenye maeneo maalumu, kama vile Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini na mwambao wa Amerika Kaskazini, kikomo ni asilimia 0.10 tangu mwaka 2015. Bahari ya Mediterania iliingia kundini tarehe 1 Mei 2025. Hii ni hatua iliyopunguza kweli, kwa wale waliobadilisha mafuta.

Wengine hawakubadilisha. Sheria inaruhusu kuchoma mafuta yaleyale mazito mradi moshi uoshwe. Kwenye mtambo wa wazi, maji ya bahari yananyunyizwa ndani ya dohani, uasili wake wa kialkali unaikamata salfa, kisha maji yanarudishwa baharini. Kiasi chake ndicho watu wasichokiona: kipimo kinachotumika kwenye miongozo ya IMO ni mita 45 za ujazo kwa kila megawati kwa saa. Injini ya megawati 10 inarudisha baharini mita 450 za ujazo kila saa, maji yenye asidi, metali nzito na masalia ya mafuta yasiyoungua vizuri. Katikati ya bahari kuu yanachanganyika. Kwenye ghuba iliyofungika, meli kumi kwa wakati mmoja, ni jambo jingine kabisa. Ndiyo sababu Singapore ilikataza umwagaji huo bandarini tangu 2020, na Denmark ikaukataza kwenye maji yake tangu tarehe 1 Julai 2025. Mtambo wa kufungwa hutumia maji yenye soda kali yanayozunguka, na tope lake linahifadhiwa hadi lishushwe gatini. Ni bora kwa bahari, ila bandari iwe na pa kulipokea.

Meli isiyo na mtambo, inapokaribia eneo la 0.10, lazima ibadilishe mafuta njiani, na kazi hii inataka utulivu. Mafuta mazito hufika kwenye injini yakiwa na joto la nyuzi 130 hivi, la sivyo hayapiti kwenye sindano. Dizeli safi inahitaji nyuzi 40 hivi. Fundi hupunguza mzigo wa injini, hufungua valvu ya mafuta mapya kidogokidogo, na hushusha joto kwa kasi isiyozidi nyuzi 2 kwa dakika. Akiharakisha, pistoni ya pampu ya mafuta na ala yake hazipoi sawasawa. Nafasi kati yao ni ya maikroni (elfu za milimita) chache, zinashikana, injini inazima. Dizeli ikipata joto mno, mnato (uzito wa kutiririka) unashuka chini ya kipimo cha sentistoki 2, pampu inavuja ndani kwa ndani na injini haiwaki ikihitajika kurudi nyuma. Meli kuzima mlangoni mwa bandari si aibu tu; ni hatari ya kukwama kwenye mwamba na kumwaga yale mafuta mazito yaliyobaki. Kwa hiyo kazi ianze saa nyingi kabla ya mpaka, maana mabomba na tangi la matumizi yana mafuta ya zamani yanayopaswa kuisha kwanza, na kitabu kiandikwe saa, mahali na ujazo wa kila tangi wakati mabadiliko yalipokamilika. Mkaguzi huanzia kwenye ukurasa huo.

Gatini

Meli iliyofungwa haiendi popote lakini inahitaji umeme: taa, pampu, hewa, makontena ya baridi. Kwa kawaida hutoka kwenye jenereta zake za dizeli, na moshi wake unaingia moja kwa moja kwenye mji. Umeme wa gatini unachukua nafasi ya jenereta hizo. Meli kubwa huunganishwa kwa volti 6,600 au 11,000. Ukiitazama kazi yenyewe, iko hivi: kebo inashushwa kutoka kwenye gurudumu lake, mara nyingi la meli yenyewe ikiwa ni ya makontena, kufuli za usalama na uzi wa ardhi vinapimwa kabla mtu hajagusa plagi, jenereta ya meli inalinganishwa na umeme wa nchi kavu kwa volti, mzunguko na mpishano, swichi inafungwa, mzigo unahamishwa taratibu, jenereta inazimwa. Ulinganisho ukikosewa, meli inaingia gizani.

Vikwazo ni vya kawaida sana. Meli nyingi hutumia umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde) wakati nchi nyingi zina hezi 50, hivyo bandari lazima inunue kigeuzi, nacho ni sehemu kubwa ya gharama. Soketi ikiwekwa sehemu moja tu ya gati, meli inayofunga kwa ubavu wa pili haiifikii, au reli ya kreni inapita katikati. Meli inayokaa saa sita inapoteza sehemu nzuri ya muda huo ikiunganishwa na kuachanishwa. Boila haizimwi na umeme huu. Meli ya mafuta inayoendesha pampu za shehena kwa mvuke itaendelea kutoa moshi. Kwa hiyo bandari yenye fedha kidogo ianze na meli za abiria, za makontena ya baridi, na zile zinazorudi kwenye gati lilelile kila wiki.

Je, hapa uchafu umehama? Ikiwa umeme unatoka kwenye makaa ya mawe, hewa ukaa inaweza isipungue kabisa. Lakini masizi na oksidi za naitrojeni zimeondoka kwenye madirisha ya watu wanaoishi nyuma ya uzio wa bandari, na hilo lina thamani yake. California inalazimisha meli kupunguza moshi gatini tangu 2014. Umoja wa Ulaya unazitaka bandari zake kuu ziwe na umeme huo kwa meli za makontena na za abiria ifikapo 2030.

Nyuma ya gati kuna kreni za matairi, matrekta na foleni ya malori. Kreni inayovutwa kwa kebo ya umeme badala ya jenereta yake inaweza kurudisha umeme kila inaposhusha kontena. Malori yakipewa saa ya miadi, injini hazingurumi langoni. Anayepanga bajeti apime kwanza saa ambazo injini zinawaka bila kazi. Mara nyingi humo ndimo mafuta yanamopotelea, hata kabla ya kufikiria mashine mpya.

Farumi na ngama

Meli tupu haitulii baharini, hivyo hubeba maji ya farumi kwenye matangi yake. Inayavuta bandari moja na kuyamwaga nyingine, pamoja na mayai, mabuu na vijidudu. Kitana cha maji kutoka Amerika, kiumbe laini wa baharini aitwaye Mnemiopsis leidyi, kiliingia Bahari Nyeusi miaka ya 1980 kwa njia hii, kikala chakula cha dagaa na mayai yao, na uvuvi ukaporomoka. Mafuta yakimwagika husafishwa na hatimaye huoza. Kiumbe mgeni huzaana. Kwa hiyo naliona hili kuwa zito kuliko nafasi linalopewa.

Mkataba wa farumi ulipitishwa 2004 na kuanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Mwanzo uliruhusu kubadilisha maji baharini, maili 200 kutoka nchi kavu na penye kina cha mita 200, kwa kusukuma maji mara tatu ya ujazo wa tangi. Sasa meli zinatakiwa kufikia kipimo cha viumbe wenyewe: wasiofika 10 walio hai kwa kila mita ya ujazo, kwa wale wa maikroni 50 na zaidi. Hilo linahitaji mtambo, kwa kawaida chujio likifuatiwa na mwanga wa urujuanimno au klorini inayotengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi.

Mitambo hii hushindwa kwa sababu zinazotabirika. Bandari ya mtoni ina tope. Chujio linaziba na mwanga haupenyi. Maji matamu hayana chumvi ya kutengeneza klorini, hivyo meli inayojua njia yake hubeba maji ya chumvi kwenye tangi la akiba. Klorini iliyobaki lazima iuliwe kwa kemikali kabla ya kumwaga, la sivyo tumeondoa viumbe wageni na kuwatilia sumu wenyeji. Na mashapo yaliyotuama chini ya tangi ni kitalu, yasafishwe chelezoni.

Ngama ni jambo la kila siku. Maji, mafuta na sabuni hukusanyika chini ya chumba cha mitambo, na yanaweza kumwagwa meli ikiwa safarini tu, kupitia kitenganishi, yakiwa na mafuta yasiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Kitenganishi hutegemea mafuta kuelea. Mtu akiosha sakafu kwa sabuni kali, mafuta na maji vinakuwa kama maziwa, havitengani tena, kengele inalia, valvu inarudisha maji ndani, tangi linajaa. Hapo ndipo mabomba ya siri ya kukwepa mtambo yanapozaliwa, na mashtaka mengi ya jinai dhidi ya meli yametokana nayo. Kinga ni rahisi: sabuni isiyochanganya mafuta na maji, pampu zinazovuja zirekebishwe, tangi lipewe saa 24 litulie kabla ya kusukuma, na bandari ipokee kilichobaki kwa ada iliyo ndani ya ada ya kawaida. Ada ikitozwa kwa kila mita ya ujazo, inamshawishi mwenye meli kumwaga baharini. Ada ya pamoja, kama inavyofanyika Baltiki, inaondoa kishawishi hicho.

Mafuta mapya

Lengo la IMO la mwaka 2023 ni kufikia sifuri halisi ya gesi joto ifikapo au karibu na 2050. Mwendo na tumbo safi havitoshi kufika huko. Lazima kinachochomwa kibadilike.

Gesi asilia iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri hutoa hewa ukaa kidogo kwa kila kipimo cha nishati, na karibu haina salfa. Ila baadhi ya injini huiachia methani bila kuungua, na kwa kipindi cha miaka 20 methani hupasha joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa. Kanuni za Ulaya zinakadiria mvujo wa asilimia 3.1 kwa injini za mipigo minne zinazopokea gesi kwa msukumo mdogo, na asilimia 0.2 kwa zile kubwa za msukumo mkubwa. Kwa hiyo ukiambiwa meli inatumia gesi, uliza injini gani.

Methanoli ni kimiminika kwenye joto la kawaida, na feri ya Stena Germanica imeitumia tangu 2015. Ina nusu tu ya nishati ya mafuta mazito kwa kilo, hivyo tangi linahitaji ukubwa wa karibu mara 2.5. Amonia haina kaboni, lakini ni sumu inayoua kwa kuvuta hewa yake, na ikiungua vibaya hutoa gesi ya naitrasi, kali mara 270 hivi kuliko hewa ukaa. Zote mbili leo hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia na makaa. Meli inayozichoma hivyo imehamisha dohani yake kutoka baharini hadi kiwandani. Cheti cha asili ya mafuta, kinachohesabu tangu kisimani au kwenye mtambo wa umeme, ndicho kinachotofautisha.

Upepo hauna chimbuko la kutilia shaka. Minara inayozunguka, iliyojaribiwa kwa mara ya kwanza na Anton Flettner kwenye meli Buckau mwaka 1924, na matanga magumu yanarudi kwenye meli za mizigo mikavu. Meli za makontena hazina nafasi nzuri ya kuyasimika juu ya sitaha.

Alama ya A hadi E

Tangu 2023 kila meli ya tani 5,000 za ujazo na zaidi, inayosafiri kimataifa, hupewa alama ya kila mwaka. Hesabu ni hewa ukaa iliyotolewa, ikigawanywa kwa uwezo wa meli kubeba mara maili ilizosafiri. Ikipata E mwaka mmoja, au D miaka mitatu mfululizo, lazima iandike mpango wa kujirekebisha.

Itazame hesabu hiyo kwa makini. Meli iliyotia nanga wiki mbili kwa sababu ya foleni isiyo yake inachoma mafuta bila kuongeza maili, na alama yake inashuka. Ikizungukazunguka polepole badala ya kusubiri, inachoma zaidi na alama inapanda. Kigawanyo ni uwezo, si mzigo uliobebwa. Meli inayorudi tupu inakula mafuta machache na kuonekana safi kuliko ile iliyojaa inayofanya kazi ya kweli. Kwa hiyo mkodi anayechagua meli kwa alama pekee anaweza kuiacha iliyo bora. Aombe pamoja nayo vitu vitatu kutoka kwenye kumbukumbu za mwaka uliopita: mafuta kwa kila tani iliyobebwa kwa maili, saa zilizotumika nangani, na tarehe ya mwisho tumbo liliposafishwa.